Anayechelewa na Anayechelewesha: Funzo la Meza ya Puli

Pana banda moja katika kituo cha biashara cha Silibwet, kaunti ya Bomet, si mbali na hospitali ya Tenwek, ambamo kila jioni vijana hukusanyika kucheza puli. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ni ule wa kugonga mipira kwa fimbo ndefu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, mpaka itumbukie katika mashimo 6 yaliyo pembeni. Kila mchezaji ana mipira yake 7. Akiimaliza huutafuta mpira mweusi, na anayeutumbukiza kihalali ndiye mshindi. Sheria ya banda ni fupi: aliyeshindwa huondoka, aliyeshinda hubaki mezani, na mpinzani mpya hutia sarafu yake ili mipira ishuke. Wanaongoja huzipanga sarafu zao ukingoni mwa meza, moja baada ya nyingine, na mpangilio huo huheshimiwa kuliko foleni nyingi za afisi zetu.

Nilifika hapo Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, nikaweka sarafu yangu ukingoni kama wengine. Zamu yangu ilipowadia, nilijikuta nimekabiliana na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee mpole wa sauti ya chini ambaye alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo. Punde si punde nilifahamu siri ya ushindi wake. Mzee alipaka chaki ncha ya fimbo yake kwa utaratibu wa mtu aliyeishika chaki miaka mingi. Akaizunguka meza. Akainama, akalenga, akainuka. Akapaka chaki tena. Akaenda upande wa pili kuuangalia mpira ule ule kutoka kule, akarudi, akainama, akainuka. Pigo lake la kwanza lilichukua muda ambao ningeweza kusahihisha insha nzima ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwanzoni nilitabasamu. Baadaye nilitazama saa. Mwishowe nikaanza kumchezea yeye badala ya kuuchezea mpira: kila aliponipisha nilirukia meza na kugonga upesi, kana kwamba kasi yangu ingemwaibisha. Nilikuwa nimebakiza mipira 2 naye amebakiza 5. Kwa pupa yangu nikautumbukiza mpira mweupe shimoni, kosa ambalo humpa mpinzani mapigo mawili. Mzee hakutabasamu wala hakuharakisha. Alipaka chaki. Mchezo ambao kwa kawaida huisha kwa dakika 10 au 15 ulituchukua karibu saa nzima, na mwisho wake ukawa mpira mweusi kutumbukia polepole, kama jua linavyozama nyuma ya mashamba ya chai.

Sikuweza kujizuia. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba amechelewa mno. Akanijibu: "Daktari, mimi sichelewi. Ninahesabu."

Kabla sijapata la kusema, kijana mmoja ambaye sarafu yake ilikuwa ya tatu ukingoni alidakia: "Ni kweli, mzee. Wewe huchelewi. Sisi ndio tunaocheleweshwa."

Banda zima liliangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka. Mimi nilibaki nikilitafakari jibu lile, kwani kazi yangu ni kufundisha isimu, na kijana yule alikuwa ametoa kwa sentensi mbili somo ambalo mimi hulitolea mhadhara mzima.

Hebu tulichunguze neno lenyewe. Kitenzi "chelewa" huhusishwa na kile cha "kucha", yaani alfajiri kuingia. Aliyechelewa, kwa maana hiyo ya asili, ni mtu aliyekuchiwa: jua limemkuta bado hajaondoka. Hasara ni yake. Lakini ukikiongezea kitenzi hicho kiambishi cha usababishi, ukapata "chelewesha", papo hapo anaingia mtu wa pili katika sentensi, maana huwezi kuchelewesha bila ya kumchelewesha mtu au kitu. Na ukiongeza kiambishi cha kutendwa, ukapata "cheleweshwa", mtu huyo wa pili anapata kuwa mtendwa mwenye malalamiko. Mzee alijitetea kwa kitenzi kisicho na mtu mwingine ndani yake. Kijana akamjibu kwa kitenzi chenye foleni nzima.

Lipo neno jingine linalofanana na hilo kwa sauti, ingawa halitokani na shina hilo: "chelea", lenye maana ya kuogopa jambo lisije likatokea. Hili latokana na "cha" ya kuogopa, ile tunayoisikia katika "mcha Mungu". Wahenga walilitumia waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye. Maneno haya mawili ya asili mbalimbali hukutana katika meza ya puli, kwa kuwa wapinzani wengi wanaotuudhi kwa ukawivu wao hawachelewi kwa uvivu. Wanachelea. Wanaogopa kukosea, kwa hivyo hawathubutu kupiga. Anayechelea huishia kuchelewa, na anayechelewa mbele ya watu huishia kuwachelewesha.

Kwa nini basi kungoja kidogo kutuchome hivyo? Jibu moja linatoka katika taaluma ya mazungumzo. Mwaka 2009 kundi la watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha lugha 10 za pande mbalimbali za dunia, wakipima muda unaopita kati ya swali na jibu. Kwa wastani muda huo ulikuwa takriban sehemu ya tano ya sekunde moja. Zilikuwapo tofauti baina ya lugha na lugha, lakini zilikuwa ndogo mno. Binadamu, awe Mjapani au Mdenmaki, amezoea kupokezana zamu bila pengo. Pengo likirefuka, tunaanza kulitafsiri: amekasirika, hataki, anatudharau. Mchezo wa zamu ni mazungumzo ya aina yake, na mpinzani anayekawia tunamsikia kama mtu aliyeulizwa swali akanyamaza. Tunadhani ametutusi, ilhali aghalabu anahesabu tu.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa wachezaji wa vijijini. Mwaka 2005, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, Ronnie O'Sullivan alikutana na Peter Ebdon katika robo fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo ulio ndugu mkubwa wa puli. O'Sullivan alisifika kwa kasi. Katika ukumbi huo huo, mwaka 1997, alikuwa amefikisha pointi 147, ambazo ndizo upeo wa kawaida wa mchezo huo, kwa muda wa dakika 5 na sekunde chache tu. Katika robo fainali hiyo aliongoza kwa michezo 8 kwa 2. Kisha Ebdon akapunguza mwendo. Wakati mmoja alitumia zaidi ya dakika 5 kukusanya pointi 12 peke yake. O'Sullivan alionekana akijikunakuna uso kitini na hata kumwuliza mtazamaji saa. Alishindwa 13 kwa 11. Ebdon hakuwa amevunja mkono wa mwenzake wala kuficha mpira wake. Alimwachia tu muda, na mwenzake akautumia muda huo kujiumiza.

Huu ndio ukweli wa kwanza ambao mchezaji, na hasa mwanafunzi, hana budi kuukubali. Mpinzani anayekawia hakushindi wakati anapopiga. Anakushinda wakati unapongoja. Pigo lake moja huenda likatumbukiza mpira mmoja, lakini dakika zake tatu za kuzunguka meza hutumbukiza utulivu wako wote. Na kosa nililolifanya mimi, la kuharakisha ili kumkomoa, ndilo kosa la wengi. Wapo pia wanaofanya kinyume chake: wakicheleweshwa nao huchelewesha, jicho kwa jicho, mpaka walio katika foleni wanachukua sarafu zao na kwenda nyumbani. Hapo wameshindwa wote wawili, na mwenye banda wa tatu.

Je, lipo la kufanya? Naam, yapo mawili, na kila moja lina mahali pake.

La kwanza ni sheria, nayo ni lazima itangulie mchezo. Wachezaji wa sataranji walijifunza jambo hili kwa taabu. Mwaka 1843, Howard Staunton wa Uingereza na Pierre Saint-Amant wa Ufaransa walipambana mjini Paris, na mchezo mmoja wao ulichukua zaidi ya saa 14. Kufikia mwaka 1861 kulikuwa na mashindano yaliyopima muda wa wachezaji kwa chupa za mchanga, na mwaka 1883, mjini London, saa mbili zilizounganishwa zikatumika katika mashindano makubwa: mmoja akimaliza zamu, saa yake husimama na ya mwenziwe huanza kwenda. Tangu hapo muda ukawa mali ya kila mchezaji. Ukiutumia vibaya, unakula wako.

Puli na snuka nazo zimefuata njia hiyo. Katika Mosconi Cup, mashindano ya puli kati ya Ulaya na Marekani yaliyoanza mwaka 1994, mchezaji hupewa sekunde 30 kwa kila pigo na nafasi ya kuomba nyongeza mara moja katika kila mchezo. Katika mashindano ya snuka yaitwayo Shoot Out, yaliyofufuliwa mwaka 2011, mchezo mzima ni dakika 10: sekunde 15 kwa kila pigo katika dakika 5 za mwanzo, na sekunde 10 katika zilizosalia. Hata katika snuka ya kawaida, refa ana mamlaka ya kumwonya mchezaji anayepoteza muda, na akiendelea anaweza kunyang'anywa mchezo. Angalia kwamba sheria zote hizi hazimwulizi mchezaji nia yake. Hazijali kama anahesabu, anachelea au anafanya hila. Zinampimia muda tu. Na hapo ndipo penye hekima yake, kwani nia ya mtu haionekani, bali sekunde zinahesabika.

Banda la Silibwet halina refa. Lakini kila mtu ana simu yenye saa mfukoni, na yapo makubaliano ambayo hayahitaji hata simu, mathalani kwamba mtu akishapaka chaki na kuinama mara mbili, mara ya tatu apige. La muhimu ni kwamba makubaliano yatangulie sarafu. Kumwambia mzee "Harakisha!" katikati ya mchezo ni utovu wa adabu, tena ni hila. Kumwambia kabla ya mchezo, "Mzee, tukubaliane muda, maana vijana wanangoja," ni heshima kwake na kwa vijana.

La pili ni nidhamu ya nafsi, nayo inahitajika pale ambapo sheria haipo. Anayengoja asiyatazame mapambo ya mpinzani wake: chaki, mizunguko, kuinama na kuinuka. Na aitazame meza. Dakika ambazo mwenzake anazitumia kuhesabu ni zake pia. Anaweza kuzitumia kuupanga mpira wake wa kwanza, wa pili na wa tatu. Zamu yake ikija, apige kwa mwendo wake wa kawaida, si wa kasi zaidi wala wa polepole zaidi. Mwenye mwendo wake haazimi wa mwingine. Laiti ningaliyazingatia haya jioni ile, nisingaliutumbukiza mpira mweupe.

Hata hivyo, nidhamu ya nafsi haitoshi kuwaokoa walio katika foleni. Mimi nilikuwa likizoni, na saa moja haikuwa kitu kwangu. Kijana yule wa sarafu ya tatu alikuwa ametoka katika kituo cha kununulia majani chai. Alikuwa ameamka alfajiri kuchuma, akabeba kapu, akapanga foleni ya kupimiwa, akangoja lori lije kuyabeba majani kuyapeleka kiwandani. Kungoja lori hakuna malipo. Majani yenyewe yana saa zake: yakikaa mno kabla ya kufika kiwandani hupoteza ubora, na mchai usiporudiwa kuchumwa baada ya wiki moja au mbili, machipukizi hukomaa yakawa hayafai. Mtu wa Silibwet anaishi ndani ya ratiba hiyo. Baada ya lori kuondoka na kabla ya giza kuingia, kijana alikuwa na saa moja ya kwake katika siku nzima, na mimi na mzee tuliitumia kwa niaba yake bila ya kumwuliza. Sarafu yake ilikuwa bado ukingoni tulipoondoka, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameinua mikono akaenda kuwafunga ng'ombe.

Ndiyo maana nasema swali la kuuliza mbele ya mpinzani anayekawia si "Kwa nini huyu ni mzito?" bali "Muda anaoutumia ni wa nani?" Kama ni wake, mwache. Kama ni wangu, nijifunze kungoja au nidai mpaka. Kama ni wa wengine, basi sheria ni haki yao, wala upole wangu hauwezi kuwa kisingizio cha kuwadhulumu.

Walimu wenzangu, swali hilo linatugeukia. Darasani sisi ndio akina O'Sullivan. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza alivyosikiliza kanda za masomo mengi ya sayansi akapima muda ambao mwalimu humngoja mwanafunzi baada ya kumwuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja tu. Baada ya hapo mwalimu huuliza tena, humgeukia mwingine au hujijibu mwenyewe. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, idadi ya wanafunzi waliokaa kimya ikapungua, na waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde 3! Mzee wa Silibwet asingeweza hata kuinua kipande chake cha chaki katika muda huo.

Mtu atasema kwamba nimejipinga: mezani nataka muda upunguzwe, darasani nataka uongezwe. La hasha. Kanuni ni ile ile. Mezani, muda wa foleni ulikuwa umetwaliwa na mchezaji mmoja, na haki ni kuurudisha. Darasani, muda wa mwanafunzi umetwaliwa na mwalimu, na haki ni kuurudisha vilevile. Mwanafunzi anayefikiri hamcheleweshi mtu, kwa maana kipindi kiliwekwa kwa ajili ya kufikiri kwake. Tunapomkatiza baada ya sekunde moja tunamfundisha kuchelea: kesho atanyamaza kabisa, na baada ya miaka michache atakuwa ndiye mtu anayeinama na kuinuka mbele ya kila jambo asithubutu kulitenda.

Nanyi wanafunzi, mnalo neno la nne la kulitafakari, nalo ni "kujichelewesha". Katika karatasi ya insha ya mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa hupewa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili zenye alama sawa. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha anamfahamu mtahiniwa aliyeinakshi insha ya kwanza, akafuta, akaandika upya, akatafuta methali iliyo bora zaidi, kisha kengele ikamkuta katika aya ya pili ya insha ya pili. Hakushindwa kwa kutojua. Alichelea kuliacha pigo la kwanza likiwa na dosari, akaukosa mpira mweusi. Hakuna pigo lisilo na hatari hata kidogo. Anayelingoja hilo atapaka chaki mpaka kuche.

Tunapenda kusema haraka haraka haina baraka, na papo hapo tunasema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Wageni wanaojifunza Kiswahili huniuliza ni ipi kati ya methali hizi iliyo ya kweli. Huwaambia zote ni za kweli, ila kila moja ina mtu wake. Ya kwanza inamfaa anayengoja zamu, na ya pili anayeishika zamu. Makosa hutokea tunapozibadilisha: anayengoja akaharakisha kwa hasira, na aliyeishika zamu akajipa subira ya kutumia saa za watu.

Nilirudi Silibwet mwezi wa Desemba. Ukutani mwa banda palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: kila pigo lisizidi dakika moja, mwenye sarafu inayofuata ndiye mshika saa. Waliniambia mzee mwenyewe ndiye aliyeiandika, nami niliiamini habari hiyo, kwa kuwa hati ilikuwa nzuri mno. Tulicheza tena. Alipaka chaki, akazunguka meza mara moja, akapiga. Mimi nilikaa kwenye benchi nikaitazama meza badala ya kumtazama yeye, na zamu yangu ilipofika nilicheza kwa mwendo wangu.

Alinishinda tena. Ila safari hii ilikuwa ni kwa dakika 14, na kijana wa sarafu iliyofuata alikuwapo kuipokea fimbo kutoka mkononi mwangu.